Mauzo yakishuka, usile mbegu

Biashara kubwa inapoanza kuyumba, wa kwanza kupiga kelele mara nyingi si wachumi wala mabenki, bali ni wateja wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni ya Nintendo ya Japani, watengenezaji wa michezo ya video, kati ya mwaka 2011 na 2017. Mauzo yake yalianguka, hasara ikaingia, na mashabiki wake huko Japani, Marekani na Ulaya wakagawanyika makundi makundi. Wapo waliosema kampuni imekwisha, iache kutengeneza mashine na ibaki kutunga gemu za kuchezwa kwenye mashine za wengine. Wapo waliosema ihamie kwenye simu za mkononi. Wengine walitaka ishushe bei, wengine walitaka uongozi ubadilishwe, na wachache wakasema iachwe, kwani imepita mengi tangu ilipoanzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata.

Leo matokeo yanajulikana. Mashine yake iitwayo Switch, iliyotoka Machi 2017, imeuzwa zaidi ya milioni 150. Kampuni iliyoombolezwa ikiwa hai ilirudi juu karibu na kilele chake cha zamani.

Msomaji wetu anaweza kuuliza, mkulima wa mahindi au mwenye duka la rejareja ana nini na michezo ya watoto? Jibu ni kwamba kushuka kwa mauzo hakuchagui. Humkuta mwenye shamba la ekari mbili kama kunavyomkuta mwenye kiwanda. Tofauti ni kwamba kampuni inayouza hisa zake hadharani hulazimika kutangaza hesabu zake, na hivyo sisi tulio nje tunaweza kuona hatua kwa hatua ni nini kiliiangusha na ni nini kiliinyanyua. Ndiyo maana tunaona inafaa kuurudia mjadala ule, sasa vumbi likiwa limetulia.

Maoni yetu tunayasema mapema. Kushuka kwa mauzo peke yake hakuui biashara. Kinachoiua ni kula mbegu wakati wa kushuka huko.

Kutoka kileleni hadi kwenye hasara

Kwanza tuelewe biashara yenyewe. Kampuni ya aina hii huuza vitu viwili: mashine, na gemu zinazochezwa kwenye mashine hiyo. Mashine yenyewe mara nyingi huleta faida ndogo, na wakati mwingine huuzwa chini ya gharama ya kuitengeneza. Faida hupatikana kwenye gemu, mfano wa mfanyabiashara anayeuza taa kwa bei ya chini akitegemea kwamba mnunuzi atarudi kila wiki kununua mafuta. Taa zisiponunuliwa, mafuta nayo hayatoki.

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, Nintendo ilikuwa kileleni. Mauzo yake yalifikia yeni trilioni 1.84. Mashine yake ya mkononi iitwayo DS, iliyotoka mwaka 2004, hatimaye iliuzwa milioni 154. Mashine ya nyumbani iitwayo Wii, iliyotoka mwaka 2006, iliuzwa zaidi ya milioni 101. Siri ya Wii ilikuwa ni wepesi wake. Mchezaji alipunga mkono, na mpira ndani ya runinga ukapigwa. Bibi na babu ambao hawakuwahi kugusa gemu walicheza pamoja na wajukuu wao.

Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2014, mauzo yalikuwa yeni bilioni 571.7, yaani chini ya theluthi moja ya yale ya kilele. Kampuni ilikuwa imepata hasara ya uendeshaji kwa miaka mitatu mfululizo: yeni bilioni 37.3, kisha 36.4, kisha 46.4.

Sababu hazikuwa moja. Simu za kisasa zilikuwa zimeingia mifukoni mwa watu, zikiwa na gemu za bure au za dola moja. Sarafu ya Japani nayo ilikuwa imepanda mno, hata mwaka 2011 dola moja ikawa chini ya yeni 80. Kwa kampuni inayouza bidhaa nyingi nje ya nchi, maana yake ni kwamba dola ileile iliyokusanywa Marekani ilileta yeni chache zaidi nyumbani. Mkulima wa zao la kuuza nje analifahamu jambo hili vizuri: bei ya dunia yaweza kusimama palepale na bado yeye akapungukiwa kwa sababu ya sarafu.

Hayo yalitoka nje. Lakini makosa mengine yalikuwa ya kujitakia. Mashine mpya ya mkononi, 3DS, ilitolewa Japani Februari 2011 kwa yeni 25,000. Wateja wakasita. Kabla ya nusu mwaka kupita, mwezi Agosti, bei ikashushwa hadi yeni 15,000.

Kosa kubwa zaidi lilikuja Novemba 2012, ilipotoka mashine ya nyumbani ya kurithi mahali pa Wii. Iliitwa Wii U. Wateja wengi hawakuelewa kwamba ni mashine mpya. Walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye ile Wii waliyokwisha kuinunua, hasa kwa kuwa matangazo yalionyesha zaidi pedi yake yenye kioo kuliko mashine yenyewe. Tena iliuzwa chini ya gharama. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya gemu ya Electronic Arts ikasema haikuwa na gemu yoyote inayotayarishwa kwa ajili ya Wii U. Gemu zikapungua, wanunuzi wakapungua, na wanunuzi walipopungua, watunzi wa gemu wakazidi kuondoka. Januari 2014 Nintendo ilipunguza makadirio ya mauzo ya Wii U ya mwaka huo wa fedha kutoka milioni 9 hadi milioni 2.8. Hadi mwisho wa maisha yake, Wii U iliuzwa milioni 13.5 tu.

Mteja aliyenyamaza

Hapo ndipo mjadala wa mashabiki ulipopamba moto, na hapo ndipo pana funzo ambalo wengi hulipita.

Mashabiki walibishana sana kuhusu nguvu za mashine. Washindani, Sony na Microsoft, walikuwa wametoa PlayStation 4 na Xbox One mwezi Novemba 2013, na zote mbili zilikuwa na nguvu kuliko Wii U. Basi shabiki mmoja akisema ongezeni nguvu, mwingine alijibu kwamba utamu wa gemu haupimwi kwa nguvu za mashine. Ubishi ulikuwa mkali, na wenye kubishana walikuwa watu wanaojua wanachokisema.

Lakini tuangalie hesabu. Wii ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 101. Wii U iliuzwa milioni 13.5. Tofauti yake ni karibu milioni 88. Nyumba hizo hazikuwa kwenye mjadala. Bibi aliyewahi kupunga mkono mbele ya runinga hakuandika barua ya kulalamika kuhusu nguvu za mashine. Aliacha tu kucheza, na wajukuu wake wakashika simu.

Mteja anayelalamika bado ni mteja. Aliyenyamaza huenda ameshaondoka. Hilo ni kweli kwa muuza gemu wa Kyoto na ni kweli kwa muuza nyanya sokoni. Anayekuja kila siku akisema nyanya zako zimekuwa ndogo bado anakutaka. Wa kumtafuta ni yule aliyekuwa akinunua ndoo mbili kila Jumamosi na ambaye humwoni tena. Mfanyabiashara anayepanga mambo yake kwa kusikiliza kelele peke yake atawatibu waliobaki na kuwasahau walioondoka, ilhali pengo la mauzo limeachwa na hao walioondoka.

Akiba ndiyo iliyonunua muda

Waliosema Nintendo iache mashine walikuwa na mfano mkononi, nao ni Sega. Kampuni hii, nayo ya Japani, ilikuwa mshindani mkubwa wa Nintendo katika miaka ya 1990. Ilitoa mashine ya Dreamcast nchini Japani Novemba 1998 na Marekani Septemba 1999. Mashine ilisifiwa, na hadi leo wapo wanaoipenda. Hata hivyo, Januari 31, 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine. Leo gemu zake huchezwa kwenye mashine za wengine, hata za Nintendo.

Kwa nini Sega ilisalimu amri na Nintendo haikusalimu? Si kwamba Dreamcast ilikuwa mbaya kuliko Wii U. Kwa kiasi kikubwa, jibu liko kwenye ghala. Sega iliingia katika vita vyake vya mwisho ikiwa tayari imechoshwa na miaka ya hasara, kiasi kwamba mwenyekiti wake, Isao Okawa, alitoa sehemu kubwa ya mali yake binafsi ili kuiokoa. Nintendo iliingia katika miaka yake mibaya ikiwa na fedha nyingi ilizoweka wakati wa mavuno ya DS na Wii, na bila mzigo wa mikopo. Katika miaka ya neema wapo waliokuwa wakilalamika kwamba kampuni inakalia fedha bila kuzifanyia kazi. Ukame ulipokuja, fedha hizo zilifanya kazi moja kubwa: zilinunua muda.

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tunaongeza kwamba akiba humpa mtu nafasi ya kukosea mara moja na kubaki hai ili ajirekebishe. Asiye na akiba, kosa lake la kwanza ndilo la mwisho.

Iwata na suala la wafanyakazi

Akiba peke yake isingetosha. Kampuni yaweza kukaa juu ya fedha zake ikafa polepole. Hapa ndipo uamuzi wa rais wa Nintendo wa wakati huo, Satoru Iwata, unapostahili kuangaliwa.

Iwata hakuwa mgeni wa shida. Mwaka 1993 alikabidhiwa uongozi wa kampuni ndogo ya HAL Laboratory iliyokuwa imelemewa na madeni, akaisimamisha. Alikuwa fundi wa programu kabla ya kuwa kiongozi, na alijua gemu hutoka wapi: hutoka kwenye vichwa vya watu.

Bei ya 3DS ilipoporomoshwa mwaka 2011, alikata mshahara wake kwa nusu, na wakurugenzi wengine wakakatwa wa kwao kwa viwango vidogo zaidi. Mambo yalipoharibika tena mwaka 2014, alikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano. Wanahisa walipomwuliza mwaka 2013 kwa nini hapunguzi wafanyakazi kama kampuni nyingine, alijibu kwamba kufanya hivyo kungependezesha hesabu kwa muda mfupi, lakini kungevunja moyo wa wafanyakazi, na kwamba haamini kama watu wanaoishi kwa hofu ya kufukuzwa wanaweza kutunga gemu za kuwafurahisha watu.

Wapo watakaosema huo ni utu tu. Ni utu, lakini ni uchumi pia. Mtunzi wa gemu mwenye uzoefu wa miaka 20 hapatikani sokoni kwa wiki moja. Ukimfukuza leo ili kuokoa mshahara wake, kesho unapopata mpango mpya huna wa kuutekeleza. Ndicho tunachokiita kula mbegu: unashiba msimu huu na unakosa cha kupanda msimu ujao.

Na wateja waliokwisha kuumia? Waliokimbilia kununua 3DS kwa bei ya juu kabla ya kushushwa walipewa gemu 20 za zamani bila malipo. Haikurudisha fedha yao, lakini waliona kwamba uaminifu wao umetambuliwa. 3DS iliyoanza vibaya hatimaye iliuzwa karibu milioni 76. Imani ya mteja nayo ni mbegu.

Kilichopandwa wakati wa ukame

Mambo yaliyoiokoa Nintendo yalifanyika ingali katika hasara. Februari 2013 iliunganisha idara mbili zilizokuwa zikifanya kazi mbalimbali, ya mashine za mkononi na ya mashine za nyumbani. Kwa mtu wa nje hilo lilikuwa jambo la ofisini tu. Kumbe ndilo lililofaa kwa mashine inayochezwa nyumbani kwenye runinga na pia kubebwa mkononi. Machi 2015 Iwata alitangaza kwamba mashine mpya inatayarishwa. Hakuiona ikitoka. Alifariki dunia Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 55. Tatsumi Kimishima alishika nafasi yake, na Machi 2017 Switch ikaingia sokoni.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha thamani ya mbegu. Gemu ya mbio za magari iitwayo Mario Kart 8 ilitoka kwenye Wii U mwaka 2014, ikauzwa karibu milioni 8.5. Gemu hiyohiyo, ikiwa imeongezwa vitu vichache, ilitolewa tena kwenye Switch mwezi Aprili 2017. Imeuzwa zaidi ya milioni 60. Mbegu ilikuwa moja, shamba ndilo lililobadilika. Kama Nintendo ingewafukuza waliotunga gemu ile kwa sababu Wii U haikununuliwa, ingekuwa imemhukumu mpanda kwa kosa la udongo.

Katika mjadala wa mashabiki, basi, nani alishinda? Waliosema kampuni imekwisha walikosea. Waliosema ihamie kwenye simu walipatia nusu, kwani Nintendo iliingia kwenye simu kwa ushirikiano na kampuni ya DeNA mwaka 2015, lakini gemu yake ya Super Mario Run ya mwaka 2016, pamoja na kupakuliwa na watu wengi, haikuleta faida iliyotarajiwa. Waliosema isibadilike nao walikosea. Nintendo iliacha jina la Wii, ikaacha kutengeneza mashine za namna mbili, na ikabadili namna ya kujitangaza. Ilichokilinda ni watu wake, gemu zake na imani ya wateja wake. Ilibadili jembe, ikaitunza mbegu.

Tahadhari

Hatutaki msomaji aondoke akidhani kwamba kila anayeshikilia biashara inayopata hasara atafanikiwa. Nintendo ingeweza kutoa mashine nyingine mbovu mwaka 2017, na akiba isingedumu milele. Tena gharama ya kosa la Wii U haikubebwa na kampuni peke yake. Familia milioni 13 zilibaki na mashine yenye gemu chache. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, na huduma ya kucheza na watu wa mbali ilikoma Aprili 2024.

Mjadala nao haujaisha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Switch ikiwa imezeeka, mauzo yalishuka tena hadi yeni trilioni 1.16. Switch 2 ilipotangazwa kwa dola 449.99 nchini Marekani, mashabiki walilalamika kwamba bei ni kubwa. Ilipotoka Juni 5, 2025, iliuzwa zaidi ya milioni 3.5 katika siku nne za kwanza. Wanaolalamika bado ni wateja.

Mkulima na mfanyabiashara afanye nini?

Kwanza, mauzo yakishuka, tenganisha sababu. Ipi imetoka nje, kama bei ya dunia na sarafu, na ipi ni yako, kama bei uliyopanga au bidhaa ambayo mteja haielewi? Ya kwanza huvumiliwa. Ya pili hurekebishwa, tena upesi.

Pili, watafute walionyamaza. Fungua daftari la mauzo la mwaka jana na la mwaka huu, uone ni nani hayupo, kisha uende ukamwulize.

Tatu, weka akiba msimu wa neema, hata kama jirani anakucheka kwamba unakalia fedha.

Nne, kabla ya kukata gharama, jiulize kama unakata jani au mzizi. Bei ya kahawa duniani ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapo wakulima waliong'oa mibuni. Wengine walikuwa na haki, kwani shamba lilihitajika kwa chakula. Lakini mbuni mpya huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, na aliyeng'oa kwa hasira ya msimu mmoja alikosa cha kuvuna bei iliporudi. Ng'ombe wa mitamba, kijana wa dukani anayewajua wateja kwa majina, mizani inayoaminika: hizi zote ni mbegu. Zikiliwa hazirudi kwa haraka.

Na kwa kiongozi wa chama cha ushirika au wa kampuni, la tano: ukikata, anza na kwako. Mwanachama atakubali kufunga mkanda akiona mwenyekiti ameufunga wa kwake kwanza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi lazima abaki na fuawe yake, moto wake na ujuzi wake hadi siku atakapopata koleo jingine. Msimu huu ukiwa mbaya, kata unachoweza kukata, badili unachopaswa kubadili, na mbegu uiache ghalani.